D&D ya kikao kimoja: masaa manne, wachezaji watano, wanne wageni kabisa. Nipange vipi?

MwanaDadu

Wakuu habarini. Jumamosi ijayo nina watu watano wa kucheza Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika ndani ya kisa, dadu zikiamua matokeo), toleo la tano, mimi nikiwa msimulizi. Mmoja anaujua mchezo, wanne hawajawahi kushika dadu ya pande 20. Tunaanza saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni watu wanawahi usafiri. Kikao cha pili hakipo.

Mpango hadi sasa: kila mtu atengeneze mhusika wake wa levo ya kwanza, wakutane mgahawani, mzee wa mji awape kazi, wasafiri siku mbili msituni, waingie pango la vyumba tisa, mwisho wapigane na zimwi mmoja mkubwa. Je, ni kidogo? Na nifanyeje kisiwe kisa cha kukatana mapanga tu, halafu kesho yake hakuna anayekikumbuka?

Shangazi_Zimwi

Kidogo? Hapo una vikao vitatu.

Piga hesabu ya zamu. Mgeni anauliza anaweza kufanya nini, anatafuta namba kwenye karatasi, anarusha, anajumlisha: dakika mbili hadi tatu. Watano pamoja na wewe, raundi moja ni robo saa. Pambano la raundi nne limekula saa nzima. Kwa hiyo una nafasi ya mapambano mawili, na la kwanza liwe la raundi mbili tu. Vyumba tisa sahau, chukua vitatu.

Kutengeneza wahusika mezani nako kunakula zaidi ya saa kwa wageni. Waandae wewe, saba kwa watu watano, ili hata anayechagua mwisho awe na cha kuchagua. Karatasi moja, upande mmoja. Juu, jina na sentensi moja ya kumweleza. Katikati, kwa maandishi makubwa, mambo matatu anayoyaweza, namba zikiwa zimeshajumlishwa: "Upanga: rusha dadu ya 20, ongeza 5. Ukipata, rusha dadu ya 8, ongeza 3." Zile sifa sita ziandike Kiswahili moja kwa moja (Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara, Haiba), watu wasisimame kila dakika kuuliza. Chini weka vitu vitatu: anachokitaka leo, anachokificha, na deni au fadhila kati yake na mwenzake. Hapo kwenye mwenzake usiandike jina la mhusika, maana wawili watabaki bila kuchaguliwa na uzi utakatika. Andika "aliyeketi kushoto kwako".

Siri iwe ya kuvuja mchana huohuo. "Nahodha mnayemtafuta ni kaka yako" inasukuma kisa. "Wewe ni jasusi wa adui" inafanya mtu akae kimya masaa matatu akingoja nafasi, na isipokuja ameondoka bila kucheza.

Halafu levo ya kwanza acha. Zimwi (ogre) wa vitabu vya 2014 vya toleo hilo la tano ana alama za uhai 59, na pigo la rungu lake ni dadu mbili za 8 kuongeza 4, wastani 13. Mchawi wa levo ya kwanza mwenye Ustahimilivu 14 ana uhai 8. Pigo la kawaida linamlaza. Zimwi akirusha 20 dadu zinaongezeka maradufu, wastani unakuwa 22, na kwa kuwa ziada ya 14 inazidi uhai wake wote, huyo amekufa papo hapo, saa kumi mchana, na hana la kufanya hadi jioni. Levo ya tatu mchawi huyohuyo ana uhai 20. Wastani wa pigo kubwa utamwangusha, lakini wenzake wanaweza kumwinua.

Fundi_wa_Visa

Shangazi amemaliza upande wa hesabu. Mimi naongezea zimwi wa peke yake: hatakupa mwisho mzuri. Kinga yake, yaani namba ya kufikia ili umpate, ni 11, kwa hiyo mwenye nyongeza ya 5 anampata mara tatu katika nne. Watu watano wakitoa wastani wa 7 au 8 kila wanapompata, raundi moja inamtoa uhai kama 28. Raundi ya tatu amelala, naye amepiga mara mbili. Mpe goblini wanne (vijizimwi wadogo, kila mmoja uhai 7, kinga 15), na muhimu zaidi, weka kitu chumbani cha kushughulikia mbali na kupiga: mnyororo wa kufungua, lango linaloshuka, mtu wa kubeba.

Kuhusu kukumbukwa. Anza kupanga kutoka mwisho. Andika kwanza uamuzi mmoja mgumu, ambao majibu yote mawili yana gharama, kisha jenga vyumba vya kuufikia. Mfano: chini ya ngome ya zamani ya pwani kuna handaki, na maji yanajaa. Ndani kuna nahodha aliyefungwa minyororo, na sanduku zito ambalo bila hilo mji unanyang'anywa bandari yake na wadai. Muda unatosha kutoa kimoja. Usiwape jibu, wala usiwe nalo. Wakibuni njia ya tatu yenye akili, waachie, ila walipe kitu.

Mgahawa, mzee wa mji na msitu futa vyote. Sentensi yako ya kwanza: "Mko ndani ya handaki, maji yamefika magotini, na mlango mlioingilia umejifunga." Walikotoka na nani aliwatuma, waulize wao, swali moja kwa kila mtu. Dakika kumi, na tayari kila mmoja amechangia kitu chake.

Maji yawe saa yako. Chora duara lenye vipande sita kwenye karatasi, liweke mezani wote walione. Jaza kipande kimoja kila nusu saa, na kimoja kila wanaposhindwa jambo la hatari. Kipande cha tano maji yako kifuani. Cha sita handaki limejaa. Duara lililofichwa nyuma ya daftari lako halimtishi mtu. Ila ukifika cha nne, acha kujaza hadi pambano la mwisho lianze.

Kosa linalozamisha visa vingi vya namna hii: kuficha kitu cha lazima nyuma ya dadu. Ukisema mlango unahitaji 15, mwenye nyongeza ya 5 ana asilimia 55 tu za kuufungua, asiye na nyongeza 30. Wakikosa, unafanya nini? Mlango ufunguke kwa vyovyote. Dadu iamue umefunguka kimya au kwa kelele, kwa haraka au kwa kipande kimoja cha maji. Na jambo lolote wanalotakiwa kuligundua, liwekee dalili tatu mahali tofauti. Ya kwanza wataipita, ya pili wataielewa vibaya.

bara_na_pwani

Mimi nauliza: kwa nini D&D? Wageni wanne, masaa manne, na nusu ya maelezo hapo juu ni ya kupunguza makali ya kanuni zake. Tazama Lasers & Feelings ya John Harper. Kanuni zote ukurasa mmoja, bure. Mchezaji anachagua namba moja, 2 hadi 5. Kwa jambo la akili na mitambo anataka dadu ya kawaida itoe chini ya namba yake. Kwa jambo la moyo na maneno, juu yake. Ikitua kwenye namba yenyewe amefaulu, tena anakuuliza swali na unamjibu kweli. Dakika tano mmeanza. Asili yake ni vyombo vya angani, lakini kuibadilisha iwe jahazi na handaki ni kazi ya jioni moja.

Shangazi_Zimwi

@bara_na_pwani ni mchezo mzuri, sibishi. Lakini watu wameitwa D&D, na wageni wengi wanakuja kwa hamu ya ile dadu ya pande 20. Ukiwabadilishia mlangoni wataona wamepunjwa. Ila kama wanne hao hawajali jina, basi fuata ushauri huo.

MwanaDadu

Asanteni sana. Jina wanalijali, nabaki na D&D. Nimefuta msitu, nachukua handaki. Maswali mawili: ikifika saa kumi na moja bado wako chumba cha kwanza, nifanyeje? Na dadu za pande 20 nimepata moja tu.

Fundi_wa_Visa

Amua leo kitakachokatwa, usisubiri presha. Kwenye karatasi yako, chumba cha pili kizungushie kalamu nyekundu. Kiwe na dalili na hatari, lakini kisiwe na kitu kisichopatikana kwingine. Saa kumi na dakika ishirini hawajakifikia, ukuta unabomoka kwa maji na wanaona chumba cha mwisho. Saa kumi na moja kamili pambano la mwisho liwe limeanza. Likizidi robo tatu ya saa, zimwi aliyebaki na uhai chini ya nusu anakimbia, au dari linashuka. Robo saa ya mwisho usiiguse: kila mchezaji aseme mhusika wake yuko wapi mwaka mmoja baadaye.

Kuna kadi moja zaidi ya kuweka mezani, yenye herufi X. Handaki, maji na minyororo vinaweza kumgusa mtu pabaya. Akiigusa kadi, unaruka tukio hilo bila kuuliza sababu.

bara_na_pwani

Dadu: programu za simu zipo za bure. Simu ikiwa inaleta usumbufu mezani, karatasi 20 ndogo zenye namba 1 hadi 20 ndani ya kofia. Ichote, isome, irudishe kofiani, changanya. Usiporudisha, 20 ikishatoka haitoki tena na wa mwisho wanabaki na makombo. Karatasi ziwe za ukubwa mmoja na mkunjo mmoja. Vitabu navyo usinunue: kanuni za msingi, zile za SRD 5.1 (hati ya bure ya kanuni za toleo la tano), ziliachiwa Januari 2023 kwa leseni ya Creative Commons, inayoruhusu kuzitumia bure, na zimwi na goblini wote wamo. Ila fungua tu kurasa za wahusika wako saba na za hao wawili, zilizobaki hutazihitaji Jumamosi.