Ndoo ya mboji inanuka na ina funza: nimwage?

Ganda_Kavu: Wakuu, habari. Nina ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, isiyo na tundu hata moja. Natia maganda, mboga zilizonyauka na mabaki ya chakula ili mfuko wa taka upungue. Sasa ni wiki ya tatu: inanuka yai viza, chini kuna maji meusi, ukingoni funza weupe wamejaa. Nimwage nianze upya? Na karatasi zipi zinafaa kutiwa?

Mchanga_na_Majani: Usimwage, inarekebishika. Harufu ya yai viza ni dalili kwamba hewa haifiki ndani. Kama ingekuwa harufu ya mkojo, inayochoma pua, hiyo ni amonia: vibichi (maganda na mabaki ya jikoni) vimezidi vikavu (majani makavu, maranda). Kwako anza na hewa.

Toboa kwa keekee matundu ya milimita 6 hadi 8: kumi kwenye kitako, na safu mbili kuzunguka ubavuni. Msumari wa moto achana nao, moshi wa plastiki si wa kuvuta. Ipandishe ndoo juu ya matofali mawili, chini weka beseni la kukingia maji.

Mwaga yaliyomo kwenye turubai, okota nyama, samaki na chochote chenye mafuta au maziwa. Kilichobaki changanya na majani makavu au maranda, kopo 1 la kibichi kwa makopo 2 hadi 3 ya kikavu. Maranda ya mbao zilizopakwa dawa au za gundi yasiingie. Tandaza vijiti sentimita 5 kwenye kitako, ndipo urudishe. Pima unyevu kwa kiganja: kamua konzi moja. Matone mawili matatu yanatosha. Maji yakichuruzika ongeza kikavu, mchanganyiko ukimeguka nyunyiza maji.

Hao funza ni watoto wa nzi. Nzi hutaga pale chakula kilipo wazi, hivyo kila ukitia kibichi kifukie kwa kikavu, sentimita 3 hadi 5, bila kuruka hata siku moja. Geuza mara moja kwa wiki.

Usitegemee joto la kuua mbegu na vimelea, lakini. Lundo la karibu mita moja ya ujazo ndilo hufika nyuzi 55 na zaidi. Ndoo hupoa upesi. Kwa hiyo magugu yenye mbegu, mimea yenye ugonjwa na kinyesi cha mbwa au paka visiingie humo. Mboji itachukua miezi kadhaa.

Boksi_Tupu: Kuhusu karatasi: maboksi ya kahawia (ng'oa utepe kwanza), trei za mayai za karatasi, magazeti. Rarua vipande vidogo, maana karatasi nzima ikilowa hugandana na kuziba hewa. Vikombe vya karatasi havifai, ndani vina utando wa plastiki. Risiti pia usitie: ikwaruze kwa ukucha, ikiacha alama nyeusi ina kemikali.

Friji_Nusu: Mnamfundisha kuozesha vizuri, sawa, ila mboga zilizonyauka zimefikaje ndooni? Bandika karatasi juu ya mfuniko, wiki nzima andika kila kinachotupwa na sababu yake. Mara nyingi ni vitu viwili vitatu vinavyojirudia. Ndizi mbivu, nyanya na parachichi hutoa gesi ya ethilini, na mboga za majani zikikaa jirani huwa njano mapema. Mboga za majani zioshe siku ya kupika tu. Zikiingia kwenye friji na maji huoza. Viazi viweke gizani, mbali na vitunguu. Wali uliobaki usambaze kwenye chombo kipana, uingie kwenye friji kabla ya muda wa saa mbili kupita tangu uive. Ukilala mezani utupe tu, kwa sababu sumu ya bakteria wake haiondoki kwa kupasha moto.

Ganda_Kavu: Asanteni. Yale maji meusi naweza kumwagilia mboga?

Mchanga_na_Majani: Hapana, hasa mboga za kuliwa mbichi. Yametoka mahali palipooza bila hewa, yanaweza kuwa na vimelea. Yamwage chooni. Ukiendelea kuona beseni linajaa baada ya wiki mbili, bado kikavu hakitoshi.