Kanimwagia mvinyo wangu wa Pauillac kwenye ndoo ya kutemea huku mbavu za mwanakondoo zikiwekwa mezani!

Wadau wa Bordeaux na vitongoji vyake, sina haja ya kumtaja, kwa kuwa kila Mswahili aliyewahi kupanda basi la kwenda kuonja mvinyo Médoc, eneo la mashamba ya mizabibu, anamjua yule anayejiita bingwa wa mvinyo. Nimetoka kwake sasa hivi na mikono bado inanitetemeka kwa hasira. Amechukua glasi yangu ya mvinyo mwekundu wa Pauillac, mji wa hukohuko Médoc, glasi ambayo sikuwa nimeifikisha hata nusu, akaimimina yote ndooni, wakati uleule mhudumu anatua sahani ya mbavu za mwanakondoo.

Mvinyo wa Pauillac hutawaliwa na zabibu za Cabernet Sauvignon, ambazo maganda yake manene hutoa tanini nyingi, yaani vitu vinavyokausha kinywa, na ukiuonja ungali mchanga bila chakula chochote, ulimi hukauka kwa ukakasi kama wa mtu aliyeuma bibo bichi. Dawa yake ni nyama yenye mafuta, kwa sababu tanini ambazo zingeyavamia mate yako hupata protini na mafuta ya kushikana nayo, ukakasi ukapungua na ladha ya tunda ikajitokeza. Ndiyo maana wenyeji wa Pauillac, ambao kondoo wao wana sifa kama mvinyo wao, huviweka viwili hivyo meza moja. Mimi nilikuwa nimekunywa funda la kwanza kusudi nililinganishe na lile la baada ya nyama, na hilo la baada ya nyama ndilo lililoishia ndooni, likachanganyika na mate ya basi zima!

Kabla ya hapo alikwisha kutuhubiria orodha ya mwaka 1855 ya madaraja ya mvinyo wa Bordeaux, ile iliyotayarishwa kwa ajili ya maonyesho ya Paris enzi za Napoleon III, kwa kirefu kiasi kwamba Napoleon mwenyewe angefufuka amwombe apumzike. Hilo ningemsamehe. Lakini nilipomuuliza kwa adabu kwa nini amemwaga, alijibu mbele ya wageni wote kwamba mtu aliyezoea bia hahitaji funda la pili. Mbele ya wageni wote, na nyama inafuka moshi! Mbavu zile nimezila kwa maji ya bomba, ndugu zangu. Maji ya bomba!

Mama Chachu: Pole sana, mdogo wangu. Mimi huyohuyo alinipa mvinyo huohuo kwa samaki wa kuchoma, kinywa kikajaa ladha ya chuma hadi nikaenda kwenye kioo kuangalia kama fizi zinatoka damu.

Bwana Kizibo: Mleta mada, ndoo ni sehemu ya kazi, na waonjaji wa kweli hutema kila funda. Ulikwenda kuonja au ulikwenda kushiba?

Mleta mada: Anayetema hutema kwa kinywa chake na kwa hiari yake, kaka. Mimi sikutema, nimemwagiwa, na sahani ilikuwa imeshagusa meza!

Jirani wa Garonne: Nyote hamjaona kitu. Mgahawa wa mtaani kwetu, katika joto hili, unahifadhi mvinyo mwekundu kando ya jiko, ilhali nyuzi 16 hadi 18 zinautosha, kwa hiyo ukiinua glasi pombe inakupiga puani kabla hujaonja lolote. Nimeomba ndoo ya barafu ya kupozea chupa, mhudumu akacheka na kuniita mtalii.

Bwana Kizibo: Hapo nakuunga mkono kwa dhati. Mimi waliniletea Beaujolais ya moto, mvinyo wa zabibu za Gamay ambao hata nyuzi 13 unazipenda, na bado wakataka bakshishi.

Mama Chachu: Je, wanaokuletea jibini la Roquefort na mvinyo mwekundu wenye tanini kali? Chumvi ya jibini lile huufanya mvinyo uwe mchungu, wakati Sauternes, ule mweupe mtamu unaotengenezwa hapahapa kusini mwa Bordeaux, ungetulizana nalo vizuri. Niligoma kulipa, wakamwita meneja.

Mleta mada: Naomba turudi kwenye ndoo, tafadhali.

Jirani wa Garonne: Mama Chachu, ni mgahawa gani huo? Isije ikawa ule wa karibu na stesheni, maana pale hata mkate wanautoza.