Tupeane uzoefu: mliopigania huduma za hospitali zisiondolewe, mlifanyaje?

BintiUporoto
Wadau wa Nyanda za Juu Kusini, kamwene, mugonile. Kwenye kikao cha kata tumeambiwa kituo chetu cha afya kitabaki na huduma za mchana tu. Upasuaji wa dharura na kuzalisha usiku vinahamishiwa wilayani, sababu watumishi hawatoshi. Jengo lile la upasuaji tulifyatua tofali wenyewe, akina mama walibeba maji na mchanga kichwani. Kwenda wilayani nusu ya njia ni lami, nusu nyingine mnajua masika inavyokuwa. Mkutano mkuu wa kijiji unakaribia na mimi ni mmoja wa watakaosimama kuongea. Mliopita huku, semeni mlianzia wapi.

KijanaWaUyole
Kwetu walichukua gari la wagonjwa kwa matengenezo, halijarudi. Msisubiri huduma ziishe kimyakimya.

MamaWaMlimani
Mwaya, umenigusa pabaya, acha niandike yote.

Kwetu ni mlimani, nyuma ya Kipengere. Tangu enzi za bibi zetu tunatibiwa hospitali ya misheni, ikawa hospitali teule. Kanisa lina majengo, serikali inaleta madaktari na wauguzi na kuwalipa mishahara, mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano hawalipi. Ukaja mwaka wa fedha 2018/19, serikali ikaanza kujenga hospitali za wilaya 67 nchi nzima, kila moja ikianza na bilioni 1.5. Tulishangilia, na hadi leo nasema hospitali mpya ni jambo jema. Ila hakuna aliyetuambia kwamba ile ya kule chini ikifunguliwa, watumishi wa serikali wa huku juu wataondoka. Hakuna tangazo, hakuna kikao. Barua ya uhamisho ya daktari, baadaye za wauguzi, mwisho ya mtaalamu wa usingizi. Chumba cha upasuaji kipo, taa zipo, wa kumchoma mgonjwa sindano ya usingizi hayupo.

Wifi yangu alishikwa na uchungu Julai, ile baridi ya maji kuganda kwenye ndoo. Mkunga akamshika tumbo, akasema mtoto amelala kingamo, huyu ni wa kupasuliwa na hapa hatuwezi. Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mwingine. Tukapata fuso lililokuwa linapakia viazi. Tukamlaza juu ya magunia, mimi nimemshika kichwa, mama mkwe miguu, turubai juu yetu. Ukungu ulikuwa mzito dereva haoni kona, utingo akashuka akawa anatembea mbele ya gari na tochi. Wifi alikuwa ananiita jina langu, tena na tena, nami naitika. Kisha akaacha kuniita. Nilimpiga makofi mashavuni, nikamwambia niite, niite hata kwa kunitukana.

Tulifika kumeshapambazuka. Mtoto alikuwa ameshakufa. Mama walimwokoa, ila kizazi kilikuwa kimechanika wakakitoa. Ndiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza.

Baada ya matanga sisi wanawake wa vikoba tulikaa tukasema imetosha. Kila kijiji kikaitisha mkutano wake mkuu, likaandikwa ombi moja kwenye muhtasari, mwenyekiti na mtendaji wakasaini na kugonga muhuri. Baraza la madiwani ni kikao cha wazi, tukaenda kukaa kwenye viti vya wananchi na vitenge vyetu vya kanisa, wifi katikati yetu. Hatukupiga kelele. Diwani wetu alisoma barua hadi mwisho na ukumbi ukanyamaza. Mtaalamu wa usingizi alirudishwa, na mkataba wa kuwahudumia wajawazito bure ukafufuliwa. Daktari wa pili bado hatujampata na hatujaacha kumdai.

Ndaga_Sana
Pole mama. Nimesomea kwenye daladala nikapitiliza kituo.

Mnyalu_OG
Pole sana dada. Huyo utingo Mungu ambariki.

MtuWaMbozi
Pole dada. Ila tuseme ukweli, hospitali za kanisa bei zake zinaua. Ukipasuliwa unauza ng'ombe. Mimi naona sawa watumishi waende kwenye hospitali za serikali.

FundiMafinga
@MtuWaMbozi bei zilipanda baada ya watumishi kuondolewa! Mshahara uliokuwa unalipwa na serikali sasa unalipwa na mgonjwa kitandani. Unataka kanisa litoe wapi?

MtuWaMbozi
Litoe sadaka.

FundiMafinga
Sadaka ya nani? Ya huyohuyo mkulima wa viazi?

AbuuMbarali
Wakuu, dini tuweke pembeni. Mimi ni Muislamu na wanangu wamezaliwa hospitali ya misheni pale Chimala, hakuna aliyeniuliza naswali wapi. Anayehitaji kupasuliwa usiku anatafuta mlango uliofunguliwa. Turudi kwa binti aliyeuliza.

NesiMstaafu
Nimefanya kazi wodi ya wazazi Mbeya na vijijini hadi kustaafu, nisikilizeni. Mkisimama mkutanoni mkasema "tunataka huduma", mtajibiwa "tumepokea" na yameishia hapo. Upasuaji wa mama usiku unahitaji wa kupasua, wa usingizi, muuguzi wa chumba cha upasuaji, damu na umeme wa uhakika. Kimoja kikikosekana vyote vimesimama. Ulizeni kwenye ikama, ile orodha ya nafasi za watumishi, nafasi ipi iko wazi, muiombe hiyo kwa jina lake.

Pili, kwenye MTUHA, vile vitabu vya kumbukumbu za huduma za afya, kitabu namba 12 ndicho cha wazazi. Kila anayejifungua kituoni anaandikwa humo. Mjumbe anayewawakilisha kwenye kamati ya usimamizi wa kituo aombe jumla ya mwaka: waliojifungua wangapi, waliopasuliwa wangapi, wa usiku wangapi. Jumla tu, majina ni siri ya mgonjwa. Kelele za wananchi mkurugenzi wa halmashauri atazijibu, lakini jumla iliyosainiwa na mganga mfawidhi wake mwenyewe, yaani mkuu wa kituo, itamkalisha chini.

Na jiandikisheni CHF, bima ya afya ya jamii. Kituo kisicho na makusanyo kinakosa watetezi.

KijanaWaUyole
Shikamoo mama. Hapo kwenye CHF sikubali. Nimelipa, nikaandikiwa dawa, nikaambiwa nikanunue duka la nje.

NesiMstaafu
Marahaba mwanangu. Basi na hilo lipeleke mkutanoni, usilimalizie huku.

Kijana_Njombe
Naleta la CTC, kliniki ya tunaoishi na VVU. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, watoa huduma wengi wa mikataba walirudishwa nyumbani. Utafiti wa 2022/23 ulionyesha Njombe maambukizi ni asilimia 12.7, mkoa wa kwanza nchini. Wale WAVIU washauri, wenzetu wanaoishi na VVU, waliokuwa wanatufuata ukikosa tarehe ya kliniki ndio walioondoka. Kwetu tumejigawa mitaa, tunapigiana simu wenyewe, na tumemwandikia mganga mkuu wa wilaya hao washauri waingizwe kwenye bajeti ya halmashauri.

Mnyalu_OG
Kaka huu uzi ni wa wazazi, fungua wako.

MamaWaMlimani
Hapana, mwache. Huduma inayoondoka ni huduma. Kaka, endeleeni hivyohivyo.

Komredi_Tunduma
Mnapoteza muda na mihtasari. Fungeni barabara kuu saa moja tu, mkuu wa mkoa atakuja kwa miguu.

AbuuMbarali
Usiwaponze watoto wa watu. Watalala ndani, na wewe utakuwa Tunduma unakula samaki.

Ndaga_Sana
Mbunge je?

FundiMafinga
Mbunge ni wa karibu na uchaguzi. Anza na diwani, unakutana naye kilabuni na msibani, hana pa kujificha.

Mnyalu_OG
Mimi ningewaalika wakubwa wapande fuso la viazi usiku mmoja wa Julai. Na sitanii sana.

BintiUporoto
Nimeandika yote. @MamaWaMlimani barua yenu ilielekezwa kwa nani? Huku kila mtu ana lake.

MamaWaMlimani
Kwa mkurugenzi mtendaji wa halmashauri, nakala kwa mganga mkuu wa wilaya, diwani na mbunge. Nendeni wawili au watatu masijala na nakala yenu, wagonge muhuri wa kupokea na tarehe. Tuliambiwa muhuri haupo, tukakaa kwenye benchi mpaka ukapatikana.

NesiMstaafu
Binti, hapo kituoni kwenu mtaalamu wa usingizi yupo au ameshahama?

BintiUporoto
Alihamishwa Machi, mama. Daktari na wauguzi bado wapo.

NesiMstaafu
Basi ombi lenu ni mtu mmoja huyo. Muandike hivyo, msichanganye na paa la zahanati wala uzio.