Ule msemo wa "wao Biblia sisi ardhi" mnaujibuje?

Kijana_wa_Kwaya:
Shalom wapendwa. Nina anko wangu, kaka yake mama, msomi kweli kweli, kila nikiweka neno la asubuhi kwenye grupu la familia haipiti dakika anadondosha ule msemo wake: "Wamisionari walipokuja wao walikuwa na Biblia sisi tulikuwa na ardhi, wakatuambia tufumbe macho tuombe, kufumbua tukakuta sisi tuna Biblia wao wana ardhi", halafu chini anaandika Jomo Kenyatta. Binamu zangu wanamwaga emoji za kucheka, mi nabaki kimya maana kiukweli naona kuna ukweli humo. Sitaki kumkosea heshima, ila sitaki pia ionekane Mkristo akibanwa anaishia kusema "tutakuombea anko". Nyie mnajibuje?

Mshika_Taa:
Mwambie wakoloni sio wamisionari, basi. Na Ukristo ulikuwepo Afrika kabla ya huyo mzungu, mfalme Ezana kule Ethiopia aliamini karne ya 4, Misri ndo usiseme, Agustino mwenyewe kwao ni Algeria ya leo. Asikutishe.

Fundi_Mnara:
@Mshika_Taa ni kweli mkuu lakini anko hajauliza Ukristo ulianzia wapi, anauliza shamba lilienda wapi. Ukimjibu na Ezana atacheka zaidi.

Dogo, usianze kubishana kama Kenyatta alisema au hakusema. Wengine wanampa Desmond Tutu, naye alipenda kuusimulia. Hata ukimshinda hapo msemo unabaki palepale. Ila kama anampenda Kenyatta mwambie akasome ile hadithi ya tembo kwenye kitabu chake cha 1938, Facing Mount Kenya. Tembo anaomba aingize mkonga tu kibandani maana mvua inanyesha, mwisho anaingia mzima na mwenye kibanda anatupwa nje, simba anaunda tume ya uchunguzi, wajumbe kifaru, nyati, mamba, mwenyekiti mbweha, binadamu hata mmoja hamna. Hapo anazipiga tume za serikali, kama ile ya Carter ya 1932 ya ardhi ya Kenya ambayo haikuwa na Mwafrika hata mmoja (wamisionari nao aliwachapa humohumo kitabuni, sikufichi). Ardhi ya Kenya ilienda kwa sheria za 1902 na 1915, ikafanywa mali ya mfalme wa Uingereza, masetla wakagawiwa. Watu walikuwa macho wazi kabisa, na wengine walipigana.

Sasa usidhani umemaliza, maana kuna misheni nazo zilipewa maeneo na serikali hiyohiyo na wamisionari wengi walinyamaza. Likubali hilo mapema kabla hajakurushia yeye. Ukimtaja Archdeacon Owen, yule kiongozi wa Kianglikana wa Nyanza aliyewatetea watu mpaka masetla wakawa wanamwita pepo la Kavirondo (jina la zamani la eneo hilo), atakuuliza wenzake walikuwa wapi, na hapo huna jibu.

Mi huwa nafungua 1 Wafalme 21. Mfalme Ahabu anataka shamba la mizabibu la Nabothi, Nabothi anakataa, ni urithi wa baba zake hauzi. Yezebeli, mke wa Ahabu, anaandika barua, anapiga mhuri wa mfalme, anatangaza nini? MFUNGO. Watu wanakusanyika wakijua ni ibada, Nabothi anakalishwa mbele kama mgeni wa heshima, wanaletwa mashahidi wawili wa kununuliwa wanasema amemtukana Mungu, anatolewa nje ya mji anapigwa mawe hadi kufa, na Ahabu huyo anateremka kuchukua shamba. Yaani kile anachokisema anko, ibada kutumika kuchukulia ardhi ya watu, kiko ndani ya Biblia kabla mmisionari yeyote hajazaliwa, na Mungu amesimama upande wa Nabothi, anamtuma nabii Eliya amkute Ahabu hukohuko shambani. Kwa hiyo usipingane na anko. Mwambie anko, hiyo hasira yako Eliya alikuwa nayo.

Mkweli_Mtupu:
Mi siamini ila nimesoma hiyo sura mpaka mwisho, nyie huwa mnaishia katikati. Ahabu alivaa magunia, akajinyenyekeza, adhabu ikaahirishwa. Shamba je? Halijarudi kwa mtu. Ndo mnavyofanya mpaka leo, toba nyiiingi, hati miliki haitoki kabatini.

Mama_Upendo:
Mkweli hapo umesema. Nabothi hakurudishiwa kitu, na 2 Wafalme 9 inaonyesha wanawe nao waliuawa. Ndo maana mi nikifika hapo naenda Nehemia 5. Watu wameweka rehani mashamba na nyumba wapate nafaka, watoto wao wanatumikishwa, na wanaowanyonya ni ndugu zao wa dini moja. Nehemia aliwaita wakubwa, akawasimamisha mbele ya mkutano, akawaambia warudishieni leo hii mashamba, mizabibu, mizeituni na nyumba, halafu akawaapisha mbele ya makuhani. Na ni huyohuyo sura ya 4 aliomba NA akaweka walinzi usiku na mchana. Hii ya kufumba macho sijui tumeitoa wapi, Yohana 17 Yesu anaomba ameinua macho mbinguni.

Sisi huku Meru ya Arusha hili sio la kuchekeshana kwenye simu. Wamisionari wawili wa Leipzig, misheni ya Kilutheri ya Ujerumani, waliuawa hapa 1896, Wajerumani wakaja kulipiza kisasi, na baadaye ardhi nzuri ikaanza kwenda kwa walowezi. 1951 Waingereza wakawatoa watu kwa nguvu Ngare Nanyuki, tena kupisha walowezi. 1952 mwakilishi wao Kirilo Japhet akapeleka malalamiko hadi Umoja wa Mataifa kule New York, na Walutheri walikuwa wengi tu kati ya waliomtuma. Ardhi haikurudi palepale. Lakini hao walikuwa na Biblia mkononi na wanadai ardhi, wala hawakuona kwamba lazima wachague kimoja.

Mwanangu, na anko wako muulize taratibu, pembeni, sio kwenye grupu: kwao walinyang'anywa? Mtu harudii jambo kila asubuhi bure.

Kijana_wa_Kwaya:
Asanteni sana. Nimempigia badala ya kuandika. Kumbe babu yao alikuwa na shamba pale palipo kanisa la zamani na shule yake, anasema walihamishwa bila kulipwa, na hakuna mchungaji aliyewahi kulizungumza. Nikamsomea Nabothi, akanyamaza, akasema hiyo sura hajawahi kuisikia ikihubiriwa. Sasa anataka twende wote kwa mchungaji. Mtu anaanzia wapi kujua lile eneo lilipatikanaje?

Mkweli_Mtupu:
Ofisi ya ardhi ya wilaya, ulizia faili la kiwanja na hati ya kwanza imetolewa mwaka gani kwa jina la nani. Kabla ya hapo nenda na anko kwa wazee wanaojua mipaka ya zamani, muandike majina yao na wanachosema wakiwa bado wapo.

Mama_Upendo:
Na kwa mchungaji msiende Jumapili, nendeni siku ya kazi ana nafasi, na ombeni kuona kumbukumbu za baraza la wazee wa kanisa.