Yule bwana wa ukumbini amenidhalilisha mbele ya makocha, tena kwa simu!

Wakuu, nimetoka ukumbini sasa hivi na mikono bado inatetemeka kwa hasira. Yule bwana mnamjua. Kila aliyewahi kupiga picha za judo hapa Dar es Salaam ameshaonja ulimi wake. Leo amenyanyua simu yake juu, mbele ya makocha na wazazi wote, akatangaza: "Tazameni, simu imemshinda mwenye kamera!"

Picha ya simu yake ilikuwa ya vijana wawili waliosimama wima mlangoni na medali zao, kwenye jua la saa nane mchana. Mimi nilikuwa ndani napiga fainali, baada ya yeye mwenyewe kuamuru nusu ya taa zizimwe, na zilizobaki zisingetosha kumwonyesha kuku njia ya bandani. Pambano lina dakika 4 tu, na mrusho wa ippon, ule wa ushindi wa moja kwa moja, huisha kabla hujapepesa jicho, kwa hiyo kasi ya shata, lile pazia la kamera linalofunguka na kufunga, ikishuka chini ya 1/500 ya sekunde, mtu aliye hewani hugeuka moshi. Nilifungua lenzi hadi mwisho wake, f/2.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi), nikapandisha ISO, yaani usikivu kwa mwanga, hadi 12800 na kukubali chenga, kwa sababu picha yenye chenga bado ni picha, lakini iliyocheza haina dawa.

Zikanimaliza zile taa za tyubu. Umeme wetu ni wa hezi 50, na tyubu za zamani zenye choki, kile kidude cha kudhibiti umeme wa taa, huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, shata ya kasi inaona. Katika picha tatu nilizopiga mfululizo wakati wa mrusho, ya kwanza ilitoka angavu, ya pili ya rangi ya kahawia, na ya tatu ina mkanda wa giza uliomkata mchezaji kiunoni. Akaichagua hiyo ya tatu! Akaishika kamera yangu mkono mmoja na simu mkono wa pili, akanyanyua vyote juu, kisha akaniuliza kwa kipaza sauti kwa nini sikuwasha flashi. Nimmulike machoni mtoto wa miaka 14 aliye hewani, kichwa chini? Wakuu, alinyanyua simu juu!

Mkanda wa Kahawia: Pole, mkuu, lakini kosa jingine ni lako. Judogi, yaani vazi la judo, ikiwa nyeupe hukidanganya kipimo cha mwanga, kamera ikadhani pameng'aa mno na kuitia picha giza. Usipoongeza mwanga kwa hatua moja hivi, nyuso zetu weusi zinapotea kabisa. Mwezi uliopita mwanangu alishinda, na kwenye picha ana mkanda na meno tu.

Lenzi ya Mkopo: Unalalamikia tyubu na kamera ya enzi gani? Canon waliweka uwezo wa kusubiri kilele cha mwanga kwenye kamera yao ya 7D Mark II tangu 2014. Halafu f/2.8 ya nini? Lenzi ya milimita 85 yenye f/1.8 ingekupa mwanga zaidi ya mara mbili.

Mleta uzi: Sikuja kuuliza bei za lenzi. Alinyanyua simu juu mbele ya makocha!

Mama Kumite: Ninyi wa judo mna nafuu, wachezaji wanashikana na unaweza kuotea. Katika karate ngumi inakwenda na kurudi kabla kidole hakijabonyeza, na waamuzi wanne wamekaa pembeni mwa mkeka, mmoja kila pembe. Jumapili nimepiga picha mia mbili, na sitini ni za mgongo wa mwamuzi mmoja.

Mzee wa Filamu: Sisi tulipiga ndondi kwa filamu ya ISO 400, tukaisukuma hadi 1600, yaani kuipiga kama ya 1600 na kuisafisha kwa muda mrefu zaidi, fremu 36 kwa usiku mzima, na hatukufungua uzi.

Mama Kumite: Mzee, filamu iliyosukumwa mlikuwa mnasafishia wapi? Ninazo mbili za marehemu baba, na kila studio ninayoingia wananitolea macho.

Mzee wa Filamu: Tulisafisha wenyewe, bafuni, usiku. Zako ni za rangi au nyeusi na nyeupe?