Shuleni msikivu, nyumbani analipuka: je, huenda binti huyu ana usonji?

Mama wa binti mmoja:
Habari zenu, ndugu zangu. Binti yangu ana miaka 9. Kila ripoti ya shule humsifu kwa utulivu na bidii, lakini akishavuka kizingiti cha nyumbani huvurumisha mkoba, hujifungia chumbani, na swali dogo tu, kama vile siku yake ilikuwaje, humliza saa nzima. Soksi ambayo mshono wake unagusa vidole huzua ugomvi wa asubuhi nzima. Nilipomweleza mwalimu wake kwamba nashuku usonji (autism), yaani tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano, mahusiano na hisi, alishangaa, akasema mwenye usonji hawezi kumtazama mtu machoni wala kuwa na rafiki, na binti yangu rafiki anaye. Je, ninamdhania mwanangu jambo lisilokuwapo?

Mwalimu wa elimu maalumu:
Mama, hujakosea kushuku, ingawa jibu la hakika litatoka kwa mtaalamu atakayempima. Picha aliyo nayo mwalimu huyo ilichorwa kwa kuwatazama wavulana: miongoni mwa watoto 11 walioelezwa na Leo Kanner, daktari wa akili wa watoto aliyeandika mapema kuhusu usonji, mwaka 1943, wasichana walikuwa 3 tu, na kwa miaka mingi ilisemwa kwamba kwa kila msichana 1 kuna wavulana 4. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 ulishusha uwiano huo hadi karibu 3 kwa 1, ukaonyesha pia kwamba wapo wasichana wanaotimiza vigezo lakini hawatambuliwi.

Mimi msichana wa namna hii simchunguzi darasani, ambako kila jambo lina utaratibu wake. Namtazama wakati wa mapumziko. Mmoja alikuwa akihama kundi hadi kundi, akicheka sekunde moja baada ya wenzake kucheka. Kwa mbali ungedhani ana marafiki tele. Ukisogea, unaona hakuna aliyemwita. Kwa hiyo ulizia jambo moja: siku rafiki huyo asipofika shuleni, binti yako hufanya nini?

Niliyechelewa kutambuliwa:
Niliambiwa nina usonji nikiwa na miaka 34, baada ya kutibiwa wasiwasi kwa muda mrefu. Kuhusu macho: nilijizoeza kumtazama mtu katikati ya nyusi, nahesabu hadi tatu, kisha natazama pembeni, na walimu wakanisifu kwa adabu. Kujificha huko humaliza nguvu zote, ndiyo maana mtoto hupasuka afikapo mahali anapojua hatafukuzwa. Msiuite ukaidi. Akirudi apewe maji, ukimya, na jambo alipendalo, hata kama ni kupanga vifungo kwa rangi. Na tafadhali, msimfundishe kuigiza vizuri zaidi. Anaigiza vya kutosha.

Mwalimu wa hisabati:
Shule inaweza kuanza kumsaidia hata kabla ya majibu ya vipimo. Ombeni aarifiwe mapema ratiba inapobadilika, mwalimu apange makundi mwenyewe badala ya kusema "tafuteni wenzenu", na binti awe na kadi ya kuweka mezani anapohitaji kutoka bila kujieleza. Kadi hiyo ndiyo walimu wenzangu huipinga zaidi, wakihofia utoro, lakini kwangu haijawahi kutumiwa vibaya.

Mama wa binti mmoja:
Ahsanteni sana. Jana sikumuuliza kitu. Baada ya dakika 40 alitoka chumbani mwenyewe, akaniambia kwamba rafiki yake ni mgonjwa tangu Jumatatu, na kwamba mapumziko yote ya wiki hii amekuwa akikaa chooni.