Skopu au saiti za chuma kwenye bunduki ya leva?

Macho_Kuzeeka: Wakuu naombeni ushauri. Nina bunduki ya leva (ile unayosukuma mkono wa chini kuingiza risasi), Winchester 94 ya zamani ya risasi za .30-30, zile ambazo ganda la risasi iliyopigwa linarukia juu. Miaka 50 nimeshaivuka na nikilenga, saiti (alama ya chuma ya kulengea) ya nyuma naiona ukungu mtupu, ya mbele nayo inacheza cheza. Mmoja kaniambia funga skopu (darubini ya kulengea) umalize, mwingine anadai skopu kwenye leva ni kumvalisha punda tai. Nawinda vichakani, sijawahi kupiga kitu zaidi ya mita 100. Mnasemaje?

Mzee_wa_Leva: Mkuu hapo kwenye ganda kurukia juu ndo umejibu nusu ya swali lako. Ukiweka skopu katikati, maganda yanaigonga, kwa hiyo unabaki na skopu ya ubavuni (shingo inapinda kama unachungulia dirishani) au ile ya kufunga mbele kwenye mtutu. Winchester wenyewe waliliona hilo ndo maana miaka ya 1980 wakabadilisha ganda likawa linatokea pembeni. Marlin 336 imekuwa ikitolea ubavuni tangu 1948, juu bapa kabisa, ile skopu inakaa bila kelele.

Tundu_Dogo: Asikudanganye mtu, jaribu saiti ya tundu (kipete chenye tundu dogo la kuchungulia, kinakaa nyuma) kwanza!! Saiti ya kawaida inalilazimisha jicho kuona vitu vitatu kwa pamoja, nyuma, mbele na mnyama, na jicho la umri wetu haliwezi. Kwenye tundu ya nyuma huiangalii, unapita ndani yake tu, jicho linajitafutia katikati lenyewe na tundu dogo linakaza hata ule ukungu wa mbele. Jioni unafungua kidude cha ndani, tundu linakuwa kubwa, mwanga unaingia. Angalia ubavu wa kushoto kama kuna matundu ya skrubu, kama hakuna na bunduki ni ya kale usiitoboe, utaiharibia thamani.

Skopu_Damu: Mie nipo upande wa pili japo kwa mita 100 jamaa hajakosea sana. Nina 336 na skopu ndogo ya kukuza mara 1 hadi 4, faida yake kubwa kwangu si umbali, ni ule mwanga wa magharibi, naona kama mbele ya mnyama kuna tawi au hakuna. Ila kitako cha leva kimeshuka kwa ajili ya saiti za chini, ukiweka skopu shavu linaelea hewani mpaka uongeze kitu cha kuegemea. Halafu nyundo (ile unayoivuta nyuma kwa kidole gumba kabla ya kupiga) inajificha chini ya skopu! Nilishawahi kuishusha na kidole chenye baridi kikateleza, risasi ikatoka, nashukuru mtutu ulikuwa umeelekea ardhini. Siku ileile nikatafuta kile kipande cha kufunga pembeni ya nyundo ili kidole kiifikie.

Macho_Kuzeeka: Nimecheki, matundu yapo kushoto 😀 Basi naanza na tundu. Nikishafunga bunduki ikapiga juu na saiti ya nyuma nimeshaishusha mpaka mwisho je?

Tundu_Dogo: Itatokea hiyo, saiti za tundu mara nyingi zinakaa juu kuliko ya kiwandani. Badilisha ya mbele uweke ndefu zaidi. Kumbuka ya nyuma unaisogeza kule unakotaka risasi iende, ya mbele ni kinyume chake, wengi wanachanganya hapo wanamaliza boksi zima bure.